Mikate Katika Kabati la Chachu

Watoto wote wa Bi Badra walimshauri asisafiri na tanuri. Akasafiri nalo. Lilifika siku mbili kabla ya Pasaka ya Wayahudi, wiki ya kutokula chachu, nyuma ya pikapu ya mwanawe, limefungwa blanketi kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali, na wanaume wawili wakalishusha kwa kelele nyingi hadi kwenye kiuwanja cha nyuma cha nyumba ya binti yake Ahuva, mjini Petah Tikva. Majirani wa juu walichungulia. Ahuva akajitia kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

"Mama," alisema wanaume walipoondoka, "si tulikubaliana mwaka huu tununue mikate ya dukani? Ile mikavu, ya kwenye maboksi."

"Ulikubaliana na nani? Ile si mikate, ni vipande vya dari."

"Mama, wakwe wanakuja."

"Wakwe hawana meno?"

"Meno wanayo. Macho pia wanayo. Wataona mkate laini mezani usiku wa Pasaka, hata kama hauna chachu, watasema nini?"

Bi Badra alikuwa ameshaanza kulifungua lile blanketi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyeletwa kutoka Yemeni angali mtoto wa kubebwa mgongoni, na alizungumza bila kumtazama mtu akiwa na kazi mkononi. "Watasema wameshiba," alijibu.

Wakwe wenyewe walikuwa Gershon Rozental na mkewe Frida, wazazi wa Elkana, aliyemchumbia Hodaya, binti pekee wa Ahuva. Harusi ilikuwa baada ya Sikukuu ya Majuma, wiki saba mbele. Ukumbi waliouchagua vijana ulikuwa ghali kupita uwezo wa Ahuva na mumewe Saadia, dereva wa basi, na Gershon ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama. Mwenyewe hakuwahi kulitaja jambo hilo. Frida alilitaja mara moja, akinawa mikono, kana kwamba limemponyoka.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wa utaratibu. Siku walipokuja kuposa, Frida alikuja na sahani za karatasi, akasema ni kumpunguzia mwenyeji kazi ya kuosha. Ahuva, mpishi wa shule ya chekechea ambaye ameosha sahani maisha yake yote, alielewa vizuri kilichokuwa kinapunguzwa: hofu ya kula katika sahani zake. Alizipokea sahani, akashukuru, akameza.

Sasa Gershon alikuwa amekubali kula Pasaka katika nyumba hii. Elkana alisema baba yake hajawahi kuila nje ya nyumba yake tangu aoe. Ahuva alilichukua neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa yai. Usiku huo ukiharibika, alijiambia, harusi haitavunjika siku hiyohiyo, ila itakuwa imeingia ufa, na Hodaya ataishi ndani ya ufa huo.

*

Alfajiri ya siku yenyewe Bi Badra alioka. Ahuva alisikia harufu akiwa bado kitandani, akajifunika shuka usoni.

Alipotoka alikuta mikate imepangwa mezani, mipana kama sinia, laini, yenye madoa ya moto, imefunikwa kitambaa cheupe. Mama yake alikuwa ameketi kando yake, mikono mapajani, uso umetulia.

"Hukuja kunisaidia," alisema Bi Badra.

"Nimechoka na usafi, Mama. Tangu juzi nasugua."

Hilo lilikuwa kweli. Jiko lote lilikuwa limevishwa foili, kuanzia meza hadi ukutani, likang'aa kama ndani ya ndege. Kila chembe ya chachu ilikuwa imetafutwa na kuondolewa. Vile ambavyo ni hasara kutupa, yaani mifuko ya unga wa kawaida, biskuti na tambi, vilikuwa vimefungiwa katika kabati moja la pembeni, vikauzwa kupitia kwa rabi kwa mtu asiye Myahudi mpaka sikukuu iishe. Ahuva alilibandika kabati hilo selotepu pana kutoka juu hadi chini, akaandika kwa kalamu nene: CHACHU. Asubuhi ileile Saadia alichoma vipande vya mwisho vya mkate ndani ya debe nyuma ya nyumba, huku akilalamika kwamba tangu dakika hiyo hadi usiku mtu hali mkate uliochacha wala usiochacha.

"Siku ndefu kuliko zote," alisema. "Hata Farao hakututesa hivi."

Bi Badra akaenda kujilaza kidogo. Adhuhuri haijapita sana, Ahuva alipotazama dirishani, aliona gari la akina Rozental linaegeshwa. Walikuwa wamewahi mno. Frida alishuka akiwa na aproni mkononi, tayari kusaidia. Gershon alishuka nyuma yake amelikumbatia boksi kwa mikono miwili, Elkana akafuata.

Ahuva aliitazama mikate mezani.  Friji ilikuwa imejaa. Makabati mengine yote Frida angeyafungua, maana mtu anayekuja kusaidia hufungua makabati. Kulikuwa na mlango mmoja tu katika nyumba ile ambao mkwe wake hangethubutu kuugusa. Ahuva aliibandua selotepu kwa kucha, akaisukuma mikate ndani pamoja na kitambaa chake, akafunga, akaibandika tena selotepu kwa kiganja. Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa ameshafika mlangoni kabla hajafikiri alichokifanya.

*

"Tumekuja mapema, utatusamehe," alisema Frida. "Nilimwambia Gershon, Mama Hodaya yuko peke yake na mizigo yote ile."

"Karibuni, karibuni sana. Nyumba ni yenu."

Gershon alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu za mvi zilizochanwa vizuri. Aliliweka boksi lake juu ya kiti, si juu ya meza, kisha akalitazama jiko lililovishwa foili na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi nzuri," alisema. "Kazi nzuri kweli." Ahuva akajichukia kwa jinsi alivyofurahi.

Ndani ya boksi mlikuwa na mikate mikavu ya mviringo, iliyookwa kwa mikono na kikundi cha wanaume wa sinagogi lao. Gershon mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Alieleza taratibu, bila majivuno, jinsi wanavyosimama foleni moja, huyu anakanda, huyu anasukuma, yule anatia tanurini, na hakuna mkono unaoruhusiwa kupumzika. Hodaya, aliyetoka chumbani kwake, na Elkana walikaa upande wa pili wa meza wakimenya viazi, wakifinyana chini ya meza kila Gershon alipotamka neno "mkono."

Frida alikuwa anakatakata vitunguu, na Saadia anafuta viti, Bi Badra alipotoka chumbani, kilemba kimekaa upande.

"Wakwe wamefika, na hamniamshi!" Akawasalimia mmoja mmoja, akamshika Frida mashavu. "Umekonda. Usiku huu utakula. Ahuva, leta mikate waione."

"Baadaye, Mama."

"Baadaye lini? Hawali, wanaona tu. Kuona si dhambi."

"Mama, kaa kwanza unywe maji."

Lakini Bi Badra alikuwa ameshaona kwamba mikate haipo mezani. Alitazama friji. Alitazama juu yake. Kisha macho yake yakasimama penye kabati la pembeni, ambapo ncha ya kitambaa cheupe ilikuwa imebanwa na mlango, imetokeza nje kama ulimi. Alikwenda, akakivuta. Selotepu iliyobandikwa mara mbili haishiki. Mlango ukafunguka wenyewe, na mikate ikateleza mikononi mwake pamoja na vumbi jeupe. Mfuko mmoja wa unga ulikuwa umepasuka pembeni.

Kisu cha Frida kikasimama juu ya kitunguu. 

"Nini hiyo?" aliuliza Gershon.

Akasogea hatua moja karibu.

"Hiyo ni mikate," alisema mwenyewe, pole pole. "Mikate laini. Imetoka katika kabati la chachu. Alasiri ya leo."

"Ni mikate ya Pasaka, Baba," Elkana akaingilia. "Wayemeni ndivyo wanavyo—"

"Nina macho, Elkana. Na kama ni ya Pasaka, inatafuta nini humo?"

Frida aligusa mkono wa mumewe. Gershon akavuta pumzi, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Hakuna haja ya kumlaumu mtu. Bibi ni mzee. Wazee husahau, huweka kitu hapa wakidhani wameweka pale. Hata marehemu mama yangu alikuwa hivyo. Lakini mtatuelewa. Siwezi kula katika jiko ambalo sijui kimegusa nini na nini. Frida, chukua mkoba wako. Tutakula kwetu. Tutaonana sikukuu ikiisha."

Hodaya aliacha kiazi kikaanguka. "Mama," alisema, "nani aliweka humo?"

Ahuva alimtazama mama yake. Bi Badra alikuwa amesimama palepale, mikate mikononi, unga wa chachu umemwagikia kifuani. Naye alikuwa anamtazama binti yake, na Ahuva akaona kwamba ameshajua kila kitu, toka mwanzo hadi mwisho. Kisha yule mzee akainamisha kichwa.

"Labda ni kweli," alisema Bi Badra. "Labda nimesahau. Saadia, baba, ukimaliza utanirudisha kwangu."

*

Kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzimeza, na Ahuva alikuwa mzoefu wa kumeza. Hii hakuimeza.

"Hakusahau," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Akairudia. "Hakusahau. Mama yangu hajasahau kitu chochote tangu nimjue. Mimi ndiye niliyeiweka."

"Wewe?" Saadia alisema.

"Mimi. Niliwaona mnashuka garini, nikaogopa. Nikasema Baba Elkana akiiona atasema ni mikate ya kawaida. Nikaificha mahali ambapo hakuna mtu angefungua." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nimekuwa mjinga kiasi hicho. Mama ameamka alfajiri, ameoka kwa mikono hiyo, mikate safi ambayo angeweza kuila rabi yeyote, na aliyeitia najisi ni mimi, kwa kuionea haya. Usimwite mzee msahaulifu, Baba Elkana. Niite mimi jina lolote unalotaka."

Gershon hakumwita jina. Alikuwa ameshika boksi lake kifuani na alionekana, kwa mara ya kwanza, hajui asimame wapi.

"Na kabati?" aliuliza mwishowe.

"Kabati tutalifunga. Foili hii nitaibandua yote nivishe upya. Mikate hii itakwenda motoni." Ahuva alikuwa ameanza kukunja mikono ya gauni. "Jua bado liko juu. Tutaoka mingine, hapo nje, mbele ya macho yako. Wewe ushike saa. Ukiona kosa, hata moja, ondoka, na mimi mwenyewe nitakufungulia mlango wa gari. Lakini usiondoke kwa jambo ambalo hukuliona."

"Ahuva," alisema Bi Badra, "unga upo nusu mfuko tu. Nilibakiza wa kuokea katikati ya wiki."

"Unatosha?"

"Unatosha usiku mmoja. Na maji yaliyolala yapo, mtungi haujafika nusu."

Gershon aligeuka. "Maji yaliyolala?"

"Sasa nikande kwa maji ya bomba yenye joto la mchana, yaumue unga?" Bi Badra alimtazama kama mtoto aliyeuliza mbona mvua inalowesha. "Nimeyateka jana jua linazama, nikayafunika."

Gershon aliliweka boksi kitini. Kisha akafungua kifungo cha mkono wa shati, akavua saa yake.

*

Frida na Hodaya walibaki ndani wakibandua foili. Wengine walitoka uani. Saadia alilisha tanuri kuni, Elkana akapepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka macho yakamtoka machozi.

"Pepea, bwana harusi," Saadia alimwambia. "Ukishindwa na moto huu, wa binti yangu utauweza?"

Gershon hakucheka. Aliuchunguza unga, akalinusa beseni, akainama kutazama ndani ya mtungi. Hakupata kosa. Ahuva alipiga magoti mbele ya beseni, mahali pa mama yake. Hakuwa amekanda unga wa Pasaka tangu aolewe.

"Hukumbuki," alisema Bi Badra.

"Nakumbuka."

"Tutaona." Yule mzee aliinua mtungi, na kabla hajamimina alitamka kwa sauti, kwa lafudhi yake ya kooni ya milima ya Yemeni: "Kwa ajili ya mikate ya amri!"

Gershon aliinua kichwa ghafla. Maneno hayohayo ndiyo waliyoyapigia kelele, yeye na wenzake, kila mwaka, kila walipoanza donge jipya. Aliyapokea kwa baba yake, aliyeyapokea kwa baba yake huko Polandi. Midomo yake ilijiendea yenyewe. "Kwa ajili ya mikate ya amri," alisema, na akabonyeza saa.

Kuanzia hapo hapakuwa na mazungumzo. Toka maji yanapogusa unga hadi mkate unapotoka motoni mtu ana dakika kumi na nane, na unga ulioachwa bila mkono unaanza kufikiria mambo yake. Ahuva alikanda. Mabega yalimuuma, akakanda. Bi Badra alikata donge, akalitandaza kwa viganja, akalilaza juu ya mto wa kitambaa, akaingiza mkono mzima tanurini na kulibandika ukutani. Lilivimba madoadoa. Akalibandua kwa vidole vitupu.

"Wa kwanza!" alisema Saadia.

Katika donge la tatu nywele zilimwangukia Ahuva machoni, akasita kuzirudisha.

"Mikono!" Gershon alipiga kelele. "Usiache mikono! Kanda, Mama Hodaya, kanda!"

"Ala," alisema Bi Badra bila kugeuka, "kumbe anajua."

"Mtu wa pili anahitajika pale! Hawezi kukanda na kugawa peke yake! Frida! Frida, njoo, vua pete!"

Frida alitokea mlangoni, akamtazama mumewe aliyekuwa amelowa jasho, kofia imekaa kisogoni. Akavua pete zake, akamkabidhi Hodaya, akanawa, akapiga magoti kando ya Ahuva. Mabega yao yakagusana.

"Nionyeshe," alisema.

"Sukuma kwa kiganja, siyo vidole. Hivyo. Unarudi, unasukuma."

"Dada yangu, hii ni kazi ya punda."

"Ndiyo maana dukani wanauza."

Wakacheka wote wawili huku wakikanda, na Gershon akawakemea wote wawili kwa kucheka.

Mikate iliongezeka juu ya kitambaa. Lilibaki donge moja la mwisho, na Bi Badra alikuwa amelishika pale kuni ilipolia na cheche kuruka nje. Alirudi nyuma hatua moja, akatulia, akashusha pumzi. Kisha akalitazama donge mkononi, akalitupa motoni, si ukutani bali ndani kabisa ya makaa, likaanza kuungua.

"Kwa nini?" alisema Gershon. "Muda bado upo! Tazama saa, bado upo!"

"Wa saa yako upo," alijibu Bi Badra. "Mikono yangu ilisimama."

Gershon alitazama saa. Akalitazama lile donge linavyogeuka kuwa mkaa. Angeliruhusu, kila mtu pale uani alimsikia akiliruhusu. Akavaa saa yake pole pole, akafunga kifungo cha shati, halafu akamwendea yule mzee na kusimama mbele yake.

"Bi Badra," alisema, "nilisema maneno jikoni. Kuhusu wazee."

"Uliyasema."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Sasa nipishe, unanizibia upepo."

*

Usiku waliketi wote, meza mbili zimeunganishwa, kitambaa kimoja juu yake. Foili ilikuwa mpya. Boksi la Gershon lilikuwa mbele yake na mikate laini ilikuwa mbele ya Bi Badra. Ahuva alikuwa ameamua moyoni kutomtazama mkwe wake atakula upi. Alimtazama kila mara.

Walisoma masimulizi ya kutoka Misri, walibishana, waliimba wimbo mmoja kwa tuni mbili mpaka Hodaya akaziba masikio. Ulipofika wakati wa kula mkate, Gershon alikula mkavu wake, kama baba yake alivyokula.  Ahuva alijiambia inatosha. Mtu amekaa. Mtu anakula katika nyumba yake.

Kisha wakafika pale panapotajwa mwalimu wa zamani, wa enzi za Hekalu, aliyekuwa akiikunja mikate pamoja na mboga chungu na kuvila kwa pamoja. Kila mtu alichukua mboga chungu. Gershon alivunja mkate wake mkavu vipande viwili, akaweka mboga katikati, akabana. Ukapasuka. Akajaribu kingine. Kikamwagikia ndevuni na mapajani, kama kinavyomwagika kila mwaka.

Alibaki ameshika vipande, anavitazama. Kisha akaangalia upande wa pili wa meza, ambako Bi Badra alikuwa ametandaza mkate wake kiganjani, ameweka mboga, na sasa anaukunja, mara moja, mara ya pili, bila chembe kuanguka.

"Akikunja," alisema Gershon.

"Nini, Baba?" aliuliza Elkana.

"Imesemwa akikunja. Tangu utotoni nasoma kwamba alikuwa akikunja, na tangu utotoni najiuliza, mtu anakunjaje kipande cha ubao?" Alikuwa anazungumza kama mtu aliyeonyeshwa dirisha katika chumba alichokaa miaka yote. "Kumbe alikuwa na mkate kama huu. Frida, unaona? Alikuwa na mkate huu huu!"

Alinyoosha mkono, kupita juu ya glasi na sahani, hadi mbele ya yule mzee.

"Mama," alimwambia, na lilikuwa ni mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "nipe."

Bi Badra hakumpa. Alimwelekeza kwa kidevu upande wa Ahuva. "Mwombe mwenye nyumba. Mkono uliokanda ni wake."

Ahuva alisimama.  Alichagua mkate mmoja mpana, uliookwa vizuri, akauinua kwa mikono miwili na kuupitisha juu ya vichwa vya wote, polepole, uonekane na kila aliyeketi pale, akamwekea mkwe wake kiganjani. Gershon akaujaza mboga chungu, akaukunja, akala, machozi ya ukali wa mboga yakimtiririka ndevuni, na kabla hajameza alikuwa ameshanyoosha tena mkono.

"Na huyu naye," alisema Bi Badra, "atashiba lini?"